“Consecutive”: mfululizo wa nini hasa?

Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili hulimaliza neno “consecutive” kwa haraka: mfululizo, -a kufuatana, mtawalia, basi. Hakuna kosa hapo. Shida ni kwamba msomaji anayeishia hapo hubaki na picha ya jambo lisilokatika hata kidogo, na picha hiyo ndiyo inayompoteza anapokutana na neno lenyewe kwenye mkataba, kwenye hukumu ya mahakama au kwenye swali la hesabu.

Chukua mfano wa Eliud Kipchoge. Kuanzia Rotterdam mwaka 2014 hadi London mwaka 2019 alishinda mashindano 10 ya marathoni, na waandishi wa Kiingereza wakayaita “ten consecutive marathons”. Hakuna aliyeelewa kwamba mtu huyo alikimbia miaka mitano bila kupumzika. Kati ya shindano moja na jingine ilipita miezi mingi, na katika miezi hiyo alipumzika, akafanya mazoezi, akaishi maisha yake. Mfululizo haukukatika. Ulikuja kukatika London mwezi Oktoba 2020 alipomaliza wa nane.

Kumbe muda mtupu haukati mfululizo. Kinachoukata ni kitu cha aina ileile kilichoingia katikati kikiwa na matokeo tofauti, au kilichorukwa. Ndiyo maana naona tafsiri nzuri zaidi ya “consecutive” ni sentensi nzima badala ya neno moja: vitu vinavyofuatana katika orodha fulani, na kati ya kimoja na kinachofuata hakuna kingine cha orodha hiyohiyo kilichoachwa nje. Uzito wote uko kwenye maneno “orodha hiyohiyo”. Ukishajua orodha ni ipi, neno zima linakaa wazi. Usipoijua, unaweza kubishana usiku kucha.

Tazama tena ushindi wa Kipchoge. Mei 2017, katikati ya kipindi kilekile, alikimbia kilomita 42 na ushei kwenye barabara ya mbio za magari ya Monza, Italia, akitafuta kushuka chini ya saa mbili, akazikosa kwa sekunde 25. Oktoba 2019 akarudia jaribio hilo Vienna, safari hii akafaulu kwa saa 1:59:40. Kukimbia alikimbia, na umbali ulikuwa uleule, lakini hakuna kati ya hayo mawili linalohesabiwa miongoni mwa ushindi wake wa mfululizo, kwa sababu hayakuwa mashindano rasmi. Wakimbiaji wa kumwongozea kasi walikuwa wakipokezana njiani. Aliyetengeneza orodha aliandika juu yake “mashindano rasmi ya marathoni”, na Monza na Vienna zikabaki nje ya mlango.

Michezo imejaa mambo ya namna hii. Arsenal walicheza mechi 49 za ligi ya Uingereza bila kufungwa, kuanzia Mei 2003 hadi Oktoba 2004. Lakini mapema Aprili 2004, katika muda wa siku chache tu, walitolewa na Manchester United katika nusu fainali ya Kombe la FA, kisha wakatolewa na Chelsea katika Ligi ya Mabingwa. Shabiki wa timu pinzani atakwambia rekodi hiyo ni porojo. Si porojo, ila ni rekodi ya orodha moja, yaani mechi za ligi, na zile mbili zilikuwa za orodha nyingine. Na angalia jambo la pili: kutofungwa si kushinda. Zimo sare nyingi humo. Kivumishi “consecutive” hakisemi lolote kuhusu kilichotokea. Hiyo ni kazi ya maneno yanayoandamana nacho. Chenyewe hutoa ushahidi wa jambo moja tu, kwamba hakuna kilichorukwa.

Mchezaji wa tenisi Rafael Nadal anatusaidia upande wa pili wa shilingi. Ametwaa taji la French Open mara 14, na mara kwa mara utasikia mtu akisema ni mara 14 mfululizo. Hapana. Alitwaa mara 4 mfululizo kuanzia 2005 hadi 2008, akapoteza mbele ya Robin Söderling mwaka 2009, akatwaa mara 5 mfululizo kuanzia 2010 hadi 2014, kisha mara 4 kuanzia 2017 hadi 2020, na moja ya mwisho mwaka 2022. Jumla ni 14. Mfululizo mrefu kuliko yote ni 5. Jumla na mfululizo ni hesabu mbili tofauti. Moja hukusanya popote palipopatikana, nyingine huanza upya kutoka sifuri kila kitu kinapoingia katikati. Kwenye michezo kuzichanganya huleta ubishi wa kufurahisha tu. Kwenye sheria huleta hasara.

Siku za nani?

Weka mbele yako kifungu cha mkataba wa kazi kinachosema mfanyakazi asipofika kazini kwa “five consecutive days” bila taarifa atahesabiwa kuwa ameacha kazi. Mfanyakazi huyo hapumziki ila Jumamosi na Jumapili. Hakuonekana kuanzia Alhamisi, na Jumanne akarudi. Je, ametimiza siku tano? Ukihesabu siku za kalenda: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Tano kamili, kazi imekwenda. Ukihesabu siku za kazi: Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu. Tatu tu. Na angalia kwamba katika hesabu hii ya pili Ijumaa na Jumatatu zinafuatana moja kwa moja, kwa sababu Jumamosi na Jumapili hazimo katika orodha ya siku za kazi. Haziukati mfululizo, wala haziuongezi.

Ndiyo maana wanasheria waangalifu hawaandiki “consecutive days” na kuondoka. Huandika “consecutive working days” au “consecutive calendar days”, na mfasiri anayeileta nyaraka hiyo katika Kiswahili hana ruhusa ya kulidondosha neno hilo la kati. “Siku tano za kazi mfululizo” na “siku tano za kalenda mfululizo” ni adhabu mbili tofauti.

Lipo pia jambo la kutokuwepo kwa neno lenyewe. Mgeni anayeingia eneo la Schengen kwa ziara fupi anaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Wengi huelewa kwamba ni siku 90 mfululizo, kwa hiyo wakitoka siku moja na kurudi wanaanza hesabu mpya. Sheria haisemi hivyo. Siku zinajumlishwa, zikiwa zimefuatana au zimetawanyika, na kutoka nje ya mpaka hakufuti zilizotangulia. Hapo “consecutive” haimo, na kuisoma mahali isipoandikwa ni hatari sawa na kuiruka mahali ilipoandikwa.

Mfano mwingine, wa zamani zaidi, unatoka katika sheria ya Kiislamu. Mojawapo ya kafara zilizotajwa katika Qurani ni kufunga miezi miwili mfululizo, na tafsiri za Kiingereza huandika “two consecutive months”. Anayekula mchana mmoja katikati bila udhuru anarudi mwanzo, hata kama alishafikisha siku ya hamsini. Lakini wanavyuoni hawakuliacha neno lining’inie. Walijadili kwa kina ni kipi kinaukata mfululizo na kipi hakiukati, na mwanamke aliyepata hedhi katikati hauvunji; anaendelea pale alipoachia. Hapo unaona kwamba “bila kukatika” haijielezi yenyewe. Lazima mtu aseme ni kukatika kwa namna gani.

Vipindi viwili, na neno moja

Hakuna mahali ambapo uzito wa kivumishi hiki umeonekana kama kwenye katiba. Katiba ya Urusi ya mwaka 1993 ilisema mtu mmoja asishike urais kwa zaidi ya vipindi viwili mfululizo. Vladimir Putin akakaa madarakani kuanzia mwaka 2000 hadi 2008, vipindi viwili, akampisha Dmitry Medvedev, naye akawa waziri mkuu, kisha mwaka 2012 akarudi kuwa rais. Katiba haikuvunjwa hata kidogo. Kilichokatazwa ni kipindi cha tatu kinachofuata cha pili. Kipindi cha tatu baada ya mwingine kupita katikati hakikukatazwa. Mwaka 2020 katiba hiyo ilipofanyiwa marekebisho, neno lenye maana ya “mfululizo” liliondolewa kwenye ibara hiyo, ingawa marekebisho hayohayo yaliruhusu vipindi vya nyuma vya Putin visihesabiwe. Neno moja lilifungua mlango, lilipoondolewa ukawekwa mlango mwingine.

Marekani ilichagua njia tofauti. Franklin Roosevelt alichaguliwa mara nne mfululizo, 1932, 1936, 1940 na 1944. Baada yake yakaja Marekebisho ya 22, yaliyoidhinishwa mwaka 1951, yanayosema hakuna atakayechaguliwa kuwa rais zaidi ya mara mbili. Neno “consecutive” halimo. Kwa hiyo kupumzika katikati hakumsaidii mtu. Grover Cleveland, aliyeishi kabla ya marekebisho hayo, alishinda mwaka 1884, akashindwa 1888, akashinda tena 1892, na ndiyo maana anahesabiwa kuwa rais wa 22 na pia wa 24. Donald Trump naye ni wa 45 na wa 47. Kiingereza kina jina la mpangilio huo: “non-consecutive terms”, vipindi viwili visivyofuatana. Na tukibaki hukohuko Marekani, jimbo la Virginia linamkataza gavana kujirithi, lakini halimkatazi kurudi baadaye. Mills Godwin alikuwa gavana kuanzia 1966 hadi 1970, na tena kuanzia 1974 hadi 1978.

Ukisoma popote kwamba kiongozi amewekewa kikomo cha vipindi viwili, swali la kwanza la kujiuliza ni kama kuna neno “consecutive” pembeni ya tarakimu hiyo.

Mahakamani

Mshtakiwa amekutwa na hatia katika makosa mawili. Kosa la kwanza kifungo cha miaka 5, la pili miaka 3. Atakaa gerezani miaka mingapi? Huwezi kujua mpaka hakimu aseme vifungo vitakwenda vipi. Vikiwa “concurrent”, vinaanza siku moja na kwenda sambamba, na mfungwa anatoka mwaka wa 5. Vikiwa “consecutive”, cha pili kinaanza siku cha kwanza kinapoisha, na jumla ni miaka 8. Haya ndiyo matumizi ya “consecutive” ambayo waandishi wa habari huyakosea zaidi. Mtu anasoma orodha ya adhabu, anajumlisha zote, anaandika kichwa cha habari cha miaka 40, kumbe mfungwa atakaa 10.

Katika sheria ya shirikisho ya Marekani, vifungo vilivyotolewa kwa wakati mmoja huenda sambamba isipokuwa mahakama iamuru, au sheria ielekeze, vinginevyo. Vilivyotolewa nyakati tofauti, kinyume chake, hufuatana isipokuwa mahakama iamuru viende sambamba. Bernard Madoff, aliyeendesha utapeli mkubwa wa uwekezaji, alihukumiwa mwezi Juni 2009 kwa makosa 11. Jaji akampa adhabu ya juu kabisa kwa kila kosa na kuamuru zifuatane, ikapatikana miaka 150. Madoff alikuwa na umri wa miaka 71. Hakuna aliyetarajia aimalize. Alifariki gerezani mwaka 2021. Jaji aliitaka namba hiyo iseme jambo, na isingepatikana bila adhabu kupangwa moja nyuma ya nyingine.

Kumbuka kwamba hapa, tofauti na kwenye marathoni, hakuna nafasi kati ya kimoja na kingine. Siku ya mwisho ya kifungo cha kwanza inagusana na siku ya kwanza ya cha pili. Hilo linatokana na jinsi vifungo vinavyotekelezwa. Neno lenyewe halidai vitu vigusane.

Namba

Wanahisabati walilimaliza tatizo la orodha zamani. Namba 7, 8, 9 zinafuatana. Namba 4, 6, 8 hazifuatani, lakini ni namba shufwa zinazofuatana. Namba 113 na 127 ni namba tasa zinazofuatana, ingawa kati yake zimo namba nyingine 13. Hakuna hata moja kati ya hizo 13 iliyo tasa. Pengo kubwa kiasi hicho, na bado “consecutive”.

Swali la mtihani linaloangusha wanafunzi ni la aina hii: jumla ya namba tatu witiri zinazofuatana ni 57, zitaje. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kufuatana ni kuongeza moja anaandika n, n + 1, n + 2, anakokotoa na kupata 18, 19, 20. Anajumlisha: 57. Anafurahi. Hesabu imekubali, jibu ni kosa, kwa kuwa 18 na 20 si witiri. Jibu ni 17, 19, 21. Alisoma neno “zinazofuatana” akasahau kusoma “witiri”, yaani alihesabu kwenye orodha isiyo yake.

Kufuatana kwa namba kuna uzuri wake, na hapa naomba niibe dakika moja. Ukizidisha namba nzima tatu zozote zinazofuatana, zao lake hugawanyika kwa 6 siku zote, kwa sababu kati ya tatu hizo lazima iwepo angalau moja shufwa, na moja iliyo kigawe cha 3. Namba 15 unaweza kuiandika kama 7 + 8, au 4 + 5 + 6, au 1 + 2 + 3 + 4 + 5. Jaribu kuiandika 16 kama jumla ya namba chanya zinazofuatana. Haiwezekani, na ndivyo ilivyo kwa kila namba inayopatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 mara nyingi upendavyo. Mwaka 1844 Eugène Catalan alikisia kwamba 8 na 9 ndiyo jozi pekee ya namba zinazofuatana ambazo zote ni vipeo halisi, moja ikiwa 2 kwa kipeo cha 3 na nyingine 3 kwa kipeo cha 2. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2002 Preda Mihăilescu alipothibitisha kwamba alikuwa sahihi.

Wachumi nao wana kipimo chao cha haraka: pato la taifa likishuka robo mbili za mwaka mfululizo, husemwa kwamba uchumi umeingia kwenye mdororo. Kipimo hiki kinapendwa kwa sababu ni rahisi, ila ugumu wake umejificha kwenye neno letu. Uchumi ulioshuka asilimia 0.1 mara mbili mfululizo unaingia. Ulioshuka asilimia 3, ukapanda 0.1, ukashuka tena 3, hauingii, ijapokuwa wa pili ndio ulioumia. Marekani, taasisi ya NBER, ambayo ndiyo inayotegemewa kutangaza mwanzo na mwisho wa midororo, haitumii kipimo hicho. Mwaka 2022 takwimu zilizotolewa wakati ule zilionyesha pato limeshuka robo mbili zilizofuatana, na NBER haikutangaza mdororo wowote.

Majirani wa neno hili

“Consecutive” limetokana na kitenzi cha Kilatini “sequi”, kufuata, likapitia Kifaransa na kuingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 17. Ukoo wake ni mpana: “sequence”, “sequel”, “consequence”, hata “second”, kwani wa pili ni yule anayefuata. Kuna ndugu wanaofanana naye sura kiasi cha kukosewa, na si wote wanastahili muda sawa.

“Successive” ndiye pacha. Mara nyingi unaweza kubadilisha moja kwa jingine na maana isibadilike: “three successive wins”, “three consecutive wins”. Lakini “successive” huangalia kupokezana zaidi kuliko kuhesabu. Husema “successive governments”, serikali moja baada ya nyingine, bila kutaja ngapi, na “each successive generation”, kila kizazi kilichofuata. Weka “consecutive” hapo na sikio la Kiingereza litakataa. “Consecutive” anapenda kuwa na idadi kando yake.

“Continuous” ni tofauti kabisa, ingawa Kiswahili huwapa wote wawili “mfululizo” bila kinyongo. “Continuous” ni kitu kimoja kisichokatika: mstari, sauti, mtiririko. “Consecutive” ni vitu vingi vinavyohesabika. Mlio wa king’ora unaweza kuwa “continuous”. Hauwezi kuwa “consecutive” mpaka uukate vipande. Na “continual”, ambaye hata Waingereza humkosea, ni jambo linalorudiarudia kwa karibu, likikatika na kuanza tena. “Subsequent” hudai kuja baadaye tu; kama kuna mengine katikati, si shauri lake. Haya yote ni ya kuyajua na kupita.

Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza na Wamarekani hawatumii “consecutive” sana. Husema “three days in a row”. Wapenzi wa michezo, hasa wa Marekani, husema “three straight wins”. Waingereza wana “three days running”, ambapo “running” hukaa baada ya nomino na kamwe si kabla yake, na “on the trot”, ambayo ni ya mdomoni zaidi. “Back-to-back” hutumika zaidi kwa vitu viwili. “Consecutive” ni la maandishi: habari, ripoti, sheria, hesabu. Ukilitumia ukizungumza na rafiki hutakuwa umekosea, ila utasikika kama taarifa ya habari.

Kwetu

Neno “mtawalia”, tulilolipata kutoka Kiarabu, lina mtego wake. Asili yake ni kufuatana, na baadhi ya waandishi hulitumia hivyo hadi leo. Lakini katika vitabu vya shule na ripoti limechukua kazi nyingine: “Wanafunzi wa kike na wa kiume walipata wastani wa 62 na 58 mtawalia.” Hapo maana ni kwamba namba ya kwanza ni ya wa kwanza na ya pili ni ya wa pili, Kiingereza husema “respectively”. Kwa kuwa neno moja limebeba mizigo miwili, ushauri wangu kwa mfasiri ni kuiachia “mtawalia” kazi hiyo ya pili na kutumia “mfululizo” au “-a kufuatana” kwa “consecutive”.

Sarufi yetu yenyewe imewahi kupewa jina hili. Vitabu kadhaa vilivyoandika sarufi ya Kiswahili kwa Kiingereza hukiita kiambishi -ka- “consecutive”. Alifungua mlango, akaingia, akaketi. Tendo la kwanza linabeba wakati, yanayofuata yanashikana nalo kwa -ka-. Na hata hapa muda mtupu hauna neno. Mtu anaweza kusimulia: alisoma, akaoa, akazeeka, akafa. Kati ya -ka- moja na nyingine imepita miongo, na mambo elfu yametokea ambayo hayakutajwa. Hayakurukwa, kwa sababu hayakuwa kwenye orodha ya msimuliaji.

Jina hilohilo utalikuta kwa wakalimani. Katika ukalimani wa kufuatia, yaani “consecutive”, msemaji anasema kipande, ananyamaza, ndipo mkalimani anakitoa katika lugha nyingine akitazama alama alizojiandikia. Ndivyo Paul Mantoux alivyofanya kazi kwenye mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919. Ukalimani wa papo kwa papo, kwa vipaza sauti na vyumba vya kioo, ulipata jina katika kesi za Nuremberg zilizoanza Novemba 1945, ambapo lugha nne zilikwenda kwa pamoja; kwa njia ya zamani, kila neno lingesubiri zamu yake mara tatu na kesi isingeisha. Wasomaji wa sarufi ya Kilatini wao hukutana na “consecutive clause”, kishazi cha matokeo, kama vile “amechoka hata hawezi kusimama”. Kwao kufuata si kwa mpangilio pekee. Cha pili kimezaliwa na cha kwanza. Nje ya sarufi usiipeleke maana hiyo. Siku mbili zikiwa “consecutive” haina maana kwamba moja ilisababisha nyingine.

Kuliweka kwenye sentensi

Mkazo uko kwenye silabi ya pili: kan-SEK-yu-tiv. Idadi hutangulia, kivumishi hufuata, nomino huja mwisho: “three consecutive days”. Kiswahili hupanga kinyume, siku tatu mfululizo, na ndiyo maana wengi wetu huandika “consecutive three days”, ambayo si Kiingereza. Vitu lazima viwe viwili au zaidi. Hakuna “more consecutive” wala “very consecutive”. Ama vimefuatana au havikufuatana. Kielezi chake ni “consecutively”, kama kurasa zilizopewa namba kwa kufuatana.

Kosa la umoja na wingi ni la kawaida mno. Idadi inataka wingi, “three consecutive years”; nafasi inataka umoja, “the third consecutive year”. Watu huchanganya wakapata “third consecutive years”. Na tofauti hii haiishii kwenye herufi ya mwisho. “Faida ilishuka kwa miaka mitatu mfululizo” inaweza kuwa habari ya zamani, mfululizo uliokwisha kufa. “Faida imeshuka kwa mwaka wa tatu mfululizo” inamweka msomaji ndani ya mwaka huo wa tatu, na mfululizo bado uko hai. Wa nne unaweza kuja. Kiswahili kina tofauti hiyo kamili, kwa hiyo mfasiri hana kisingizio cha kuipoteza.

Mwisho ni suala la kurundika maneno. “Three consecutive days in a row” ni kusema jambo moja mara mbili, na mhariri yeyote wa Kiingereza atafuta upande mmoja. Kwetu mtu akisema “siku tatu mfululizo bila kukatika” tunamwelewa, anatia nguvu. Kwenye simulizi acha ikae. Kwenye mkataba iondoe, kwa sababu wakili wa upande wa pili huanza na dhana kwamba kila neno liliwekwa kwa makusudi, na atauliza: kama “mfululizo” ilitosha, hiyo “bila kukatika” inakataza nini cha ziada?